Mshale Haukusogea

Usiku ule hakukuwa na mwezi, na ndiyo sababu tulikuwa ziwani. Mjomba wangu anavua omena upande wa Mbita. Shule zikifungwa Agosti na nauli ikipatikana, napanda matatu ya Luanda Kotieno kutoka Kisumu, navuka kwa feri, nakaa kwake siku tatu nne. Safari hii nilimwomba anichukue kazini. Akanipa koti lililonuka petroli, akanikabidhi kopo la kuchotea maji yanayoingia chomboni, akaniambia kazi yangu ni hiyo tu.

Kabla sijaona kwa macho nilidhani kuvua omena ni kukimbizana nayo. Kumbe ni kungoja. Taa husukumwa majini juu ya maboya, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi balbu za betri zilizochajiwa mchana kwa sola, kisha chombo hujitenga pembeni na watu hunyamaza. Vijidudu vinaifuata nuru, omena inavifuata vijidudu, halafu wavu unazungushwa. Yote yanategemea giza. Mwezi ukiwa mpevu vyombo hulala ufukoni, maana nuru imetapakaa ziwa zima na omena haina haja ya taa ya mtu. "Mwezi ukiwepo, taa yako ni nani?" Mjomba aliniuliza.

Yapata saa tisa, tukiwa tumevuta wavu mara mbili bila kitu cha maana, nilimuuliza kama mahali pale hapana samaki. Alikawia kujibu. "Okewo," akasema, maana mimi ni mtoto wa dada yake, "siwezi kukwambia hapana samaki. Naweza kukwambia hapa, usiku huu, kwa taa hizi na wavu wa matundu haya, hatujapata. Mwenye wavu mwingine na aje aseme lake."

Mvuto wa tatu ulileta beseni tatu na nusu, wenzangu wakaanza kuimba, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye ile sentensi. Nilikuwa nimeisoma tayari, kwa lugha nyingine na kwa namba nyingi zaidi, katika ripoti za watu wanaotafuta chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kisumu. Chembe ninayoisema inaitwa aksioni. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikizifuata habari zake usiku, watoto wakishalala na bando likiwa bado lipo, na nimejikuta nikiwapenda watu hao kwa namna ambayo sikuitarajia. Wengine wao wameingia kazini wakiwa vijana na wamestaafu bila kuona kitu. Nataka kueleza wanatafuta nini, halafu nieleze kwa nini jambo hilo lilinifanya nimwombe msamaha mwanafunzi.

Kisa kinaanzia ndani ya neutroni, moja ya chembe za kiini cha atomu. Darasani tunasema neutroni haina chaji, tunapita. Lakini ndani yake mna chembe ndogo zaidi, kwaki tatu, na kila moja ina chaji: moja ina theluthi mbili za chanya, na mbili zilizobaki zina theluthi moja ya hasi kila moja. Jumla ni sifuri. Hata hivyo jumla ya sifuri haikuhakikishii kwamba vitu vimetandazwa sawasawa. Mtu mwenye shilingi mia mbili mfuko wa kulia na deni la mia mbili mfuko wa kushoto hana kitu, lakini mifuko yake haifanani. Milinganyo ya nguvu inayozishika kwaki pamoja inairuhusu neutroni iwe na upande wenye chanya zaidi na upande wenye hasi zaidi. Hairuhusu tu, mtu angeitarajia iwe hivyo. Katika milinganyo hiyo mna pembe moja, wanaiita theta, ambayo ingeweza kuwa na thamani yoyote ile, na thamani hiyo ndiyo ingeamua pande hizo zitengane kiasi gani.

Watu wakaenda kupima. Wamepima tangu miaka ya 1950. Kipimo kikali kuliko vyote ninavyovifahamu kilitolewa mwaka 2020 katika Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi, na jibu ni kwamba hakuna utengano uliopatikana. Ili uone jinsi jicho lao lilivyo kali: neutroni ikikuzwa hadi iwe na ukubwa wa dunia nzima, nafasi kati ya chanya na hasi isingefika unene wa unywele mmoja. Kwa hiyo theta, pembe iliyoweza kuwa chochote, ni ndogo kuliko sehemu moja ya bilioni kumi.

Ungeweza kusema basi, ni sifuri, tuendelee na mengine. Hapo ndipo ninapowaheshimu wanafizikia. Sifuri isiyo na sababu iliwakosesha usingizi. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn, wakiwa Stanford, walitoa wazo ambalo mimi huwaeleza vijana wangu kwa gololi na sufuria. Tuseme theta si namba iliyoandikwa mara moja tangu mwanzo wa ulimwengu. Tuseme ni gololi ndani ya sufuria: popote utakapoiachia itabiringika, itayumba, na mwisho itatua chini kabisa, penye sifuri. Hakuna aliyeiweka pale. Umbo la sufuria limeileta. Mwaka uliofuata Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kwa njia yake, wakaona jambo ambalo wenzao hawakulisema: kama sufuria ipo, gololi inaweza kutikisika ndani yake, na katika fizikia mtikisiko wa aina hiyo ni chembe. Wilczek aliipa jina la sabuni ya unga aliyoiona dukani, Axion, kwa kuwa iliondoa doa katika nadharia. Sisi ambao huita kila sabuni ya unga Omo tunaweza kuelewa jinsi jina la sabuni linavyoshika.

Aksioni ya kwanza kufikiriwa ingekuwa rahisi kuonekana maabarani. Ilitafutwa, haikuwepo. Kati ya 1979 na 1981 wananadharia wakaiandika upya iwe nyepesi mno na yenye kugusana na vitu vingine kwa shida sana, wakaiita aksioni isiyoonekana. Jina hilo lilikuwa kama kukiri kushindwa. Kisha nyota ikatoa ushahidi wake. Tarehe 23 Februari 1987 ilionekana nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu. Kutoka hapa ikweta ungeweza kuitazama kwa macho, chini chini upande wa kusini. Mitambo iliyo chini ya ardhi huko Japani, Marekani na Urusi ilinasa nyutrino, chembe hafifu zinazopenya karibu kila kitu, dazani mbili hivi kutoka kwake, zikiwasili kwa muda wa sekunde kumi na kidogo. Kama aksioni zingekuwa nzito kupita kiasi fulani, zingechota joto la nyota ile na kutoroka nalo, na mfululizo wa nyutrino ungekatika mapema. Haukukatika. Nyutrino zile chache zikafuta uwezekano mwingi sana wa aksioni, na hadi leo kila anayejenga mtambo anaanza kwa kuuangalia mpaka ule.

Kwa nini basi hawakuiacha? Kwa sababu mwaka 1983 makundi matatu, karibu kwa wakati mmoja, yaligundua kwamba gololi ile iliyoachiwa wakati ulimwengu ulipokuwa mchanga ingekuwa inayumba mpaka sasa, na kuyumba huko kungejumlika kuwa uzito mkubwa. Huo huenda ndio maada ya giza: kitu kisichotoa nuru, ambacho Vera Rubin na Kent Ford walikiona kwa njia ya mzunguko wa nyota za galaksi ya Andromeda, kitu chenye uzito wa mara tano hivi ya vyote vinavyoonekana. Kama maada ya giza ni aksioni, na kama uzito wa kila moja ni maikroelektrovolti 3 hivi (kipimo cha uzito wa chembe ndogo mno), elektroni ingekuwa nzito kuliko aksioni mara bilioni 170, na nafasi ndogo ya dadu moja ya ludo ingekuwa na aksioni zipatazo trilioni mia moja. Sasa hivi. Kwenye dadu, kwenye mkono ulioishika, kwenye maji chini ya chombo cha Mjomba.

Na bado hazigusi kitu. Wanaotafuta maada ya giza iliyo nzito hutega matangi ya ksenoni, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, chini ya milima na kungoja chembe igonge. Huo ni wavu wa mbuta, wenye matundu makubwa, kwa samaki mmoja mmoja. Aksioni ingepita humo kama omena. Zikiwa nyepesi namna hii na nyingi namna hii hazifanani tena na risasi. Zinafanana na wimbi.

Mwaka huohuo wa 1983 Pierre Sikivie wa Chuo Kikuu cha Florida alionyesha jinsi ya kuzivua. Aksioni ikipita ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu, alisema, kuna uwezekano mdogo igeuke kuwa fotoni, chembe ya nuru. Usiifukuze. Weka sumaku, weka ndani yake mkebe wa chuma unaovuma kwa masafa yanayolingana na uzito wa aksioni, nyamaza, sikiliza. Nilipokuwa ziwani nikiona zile taa zikielea nilitamani Sikivie angekuwa kwenye lile benchi la mbao pembeni yangu.

Mtambo mkubwa wa namna hiyo unaitwa ADMX. Ulianzia maabara ya Lawrence Livermore, California, katikati ya miaka ya 1990, na tangu 2010 uko Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Moyo wake ni mkebe wa chuma cha pua uliopakwa shaba, wenye urefu wa mita moja hivi na ujazo wa lita 136. Ni mdogo kuliko pipa la maji tunaloweka chini ya mabati. Umezungukwa na sumaku ya karibu tesla 8, zaidi ya mara laki mbili ya uga wa dunia unaogeuza mshale wa dira hapa Kisumu. Ndani ya mkebe mna fimbo mbili za shaba. Zikisogezwa kidogo, masafa ya mkebe yanabadilika kidogo, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio ya zamani akitafuta stesheni. Wanasogeza, wanasikiliza sekunde mia moja, wanasogeza tena. Miezi na miezi.

Hesabu ya masafa ni nzuri kuifanya na vijana ubaoni. Maikroelektrovolti 1 ni sawa na megahezi 242 hivi. Redio zetu za FM, kati ya 88 na 108, zingekuwa aksioni ya chini kidogo ya nusu maikroelektrovolti. Matokeo ambayo ADMX ilichapisha mwaka 2021 yalipita kutoka maikroelektrovolti 3.3 hadi 4.2, yaani megahezi 800 hadi zaidi ya 1,000. Humo ndimo simu ya kabambe inamoongelea, kwenye megahezi 900. Niliwaambia vijana kwamba stesheni ya maada ya giza huenda iko jirani kabisa na simu ya nyanya yao, na kwamba ndiyo maana mkebe ule umefungwa mara nyingi ili sauti zetu zisiingie. Darasa zima lilitulia. Kwa mwalimu wa kipindi cha saa nane mchana, baada ya githeri, hicho ni kitu cha thamani.

Ishara wanayoitarajia ni ya wati moja iliyogawanywa kwa moja yenye sifuri 23 nyuma yake. Adui yao ni joto. Kila kitu chenye joto kinatoa mawimbi yake, hata mkebe wenyewe, na mawimbi hayo ndiyo mwezi mpevu wa kazi hii. Kwa hiyo wameupoza mkebe hadi kelvini 0.15 hivi, yaani karibu kabisa na mwisho wa baridi, baridi isiyopatikana popote angani kwa asili, na wanatumia vikuza mawimbi vya kwanta ambavyo kelele yao imepunguzwa karibu na mwisho wa kile maumbile yanachoruhusu. Mwaka 2018, baada ya miongo miwili ya kupunguza kelele, walitangaza kwamba sasa wangeweza kuisikia hata aksioni hafifu zaidi kati ya zile mbili ambazo wananadharia huzitaja sana. Wakatangaza pia kwamba kati ya maikroelektrovolti 2.66 na 2.81 hawakuisikia.

Isome tena hiyo. Kati ya hapa na hapa. Kwa usikivu huu. Kama maada ya giza iliyotuzunguka ina msongamano huu. Kwa uhakika wa asilimia 90. Hawakusema haipo.

Kuna jambo moja wanalofanya ambalo lilinibadilisha kazini. Miongoni mwao kuna watu wachache wenye ruhusa ya kupenyeza ishara ya bandia kwenye mtambo, ishara yenye umbo lilelile ambalo aksioni ingekuwa nalo, bila kuwaambia wenzao. Wachambuzi wakiona kitu wanakichukulia kwa uzito wote: wanarudia, wanapima upya, wanakaribia kuandika kwa dunia nzima. Kisha wanafunuliwa. Mara moja ishara ya namna hiyo ilipita mitihani mingi kabla haijatangazwa kuwa ya bandia. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria wale vijana, mioyo ikiwadunda, na jinsi walivyorudi kwenye benchi kesho yake. Hawakuhuzunika bure. Walikuwa wamejua kwamba ikija ya kweli, wataiona.

Sasa niseme langu.

Miaka michache iliyopita, nikiwa shule nyingine, nilikuwa na kidato cha nne na somo la kuzalisha umeme kwa sumaku. Unaingiza sumaku kwenye koili, mshale wa galvanomita unasogea upande mmoja. Unaitoa, unasogea upande wa pili. Galvanomita ilikuwa moja kwa darasa zima. Makundi manane yakawa yanakuja mezani kwa zamu, nami nikawa nasahihisha vitabu nyuma ya chumba. Makundi saba yaliandika kwamba mshale ulisogea kulia sumaku ikiingia na kushoto ikitoka. Mengine yaliweka hata namba, mistari mitatu, mistari minne. Kundi moja, lililoongozwa na msichana mmoja mkimya, liliandika: mshale haukusogea.

Niliwapa sifuri juu ya kumi. Kwa kalamu nyekundu nikaandika wasome tena kitabu.

Jioni nilipokuwa nafunga vifaa nilijaribu mwenyewe. Mshale haukusogea. Nikabadilisha koili, nikabadilisha nyaya, nikaifungua galvanomita kwa bisibisi. Waya wake wa ndani, mwembamba kama uzi wa buibui, ulikuwa umeungua. Pengine kuna mtu wa darasa lililotangulia aliyeuunganisha moja kwa moja na betri. Na lile kundi lilikuwa la kwanza kuja mezani siku ile. Yaani chombo kilikuwa kimekufa tangu mwanzo, na makundi saba yaliona kwenye mshale uliokufa kile ambacho kitabu kiliwaambia watakiona.

Siwalaumu wale saba. Kila anayefundisha fizikia Kenya analijua neno kupika. Kijana anachora kwanza mstari ulionyooka kwenye karatasi ya grafu, ndipo anachagua nukta za kuweka juu yake, kwa kuwa amefundishwa, na mimi nikiwa mmoja wa waliomfundisha, kwamba karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inatafuta jibu fulani na anayelileta ndiye anayepata. Nilikuwa nimewazoesha kusoma akili ya msahihishaji badala ya kusoma mshale. Na mtoto mmoja aliyekataa nikampa sifuri. Nilichukua juma zima kabla ya kumwita. Juma hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko ile kalamu nyekundu, kwa sababu siku ya kwanza nilikosea bila kujua, na siku sita zilizofuata nilikuwa najua.

Ndiyo maana habari za watafutaji hawa hazinisomeki kama habari tu. Mwaka 2006 kikundi kimoja huko Italia, kilichoitwa PVLAS, kilitangaza kwamba nuru ya leza ikipita ombweni ndani ya uga wa sumaku inapinda mwelekeo wake wa mtetemo zaidi ya ilivyotarajiwa, kama vile chembe nyepesi zinaiba fotoni njiani. Dunia ya fizikia ilisisimka. Wakarudi kwenye mtambo wao, wakauboresha, na mwaka uliofuata wakaandika wenyewe kwamba ishara imetoweka. Ilikuwa kasoro ya mtambo. Walijipinga kwa kalamu yao wenyewe. Mwaka 2020, chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, tangi la ksenoni la XENON1T lilihesabu matukio 285 mahali ambapo yalitarajiwa 232 hivi, na aksioni kutoka juani ilikuwa mojawapo ya maelezo. Nayo ripoti ileile ilisema kwamba chembechembe kidogo tu za tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, zingetosha kuyaleta hayo yote. Wakajenga tangi kubwa zaidi na safi zaidi, na mwaka 2022 ziada haikuonekana tena. Watu walewale waliosema kuna kitu ndio waliosema hakuna.

Wengine walilitazama jua moja kwa moja. Kitovu cha jua kina joto la nyuzi milioni 15, na kama aksioni zipo zinazaliwa humo kila sekunde na kutufikia kwa dakika nane, sawa na nuru. CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, walichukua sumaku ya majaribio iliyobaki walipokuwa wakiandaa kiongeza kasi chao kikubwa cha chembe, mita tisa na kidogo, tesla 9, wakaiweka juu ya gari la kuzunguka ili ilifuate jua, na mwisho wake wakaweka macho ya eksirei. Mtambo huo, CAST, ulianza kukusanya data mwaka 2003 na kumaliza 2021. Sumaku ilikuwa nzito mno kuinuka. Iliweza kuinamishwa nyuzi 8 tu juu na 8 chini. Kwa hiyo ililiona jua kwa muda wa saa moja na nusu linapochomoza na muda kama huo linapotua. Nilifanya hesabu ya kwetu. Geneva jua huchomoza kwa mshazari, linajivuta. Hapa Kisumu linapanda wima kama ndoo inayovutwa kisimani, na sumaku ileile ingelishika kwa saa moja na dakika chache tu kila upande. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliona ikweta ikiwa hasara kwa mtu.

Saa zilizobaki za siku, sumaku ikiwa imeelekea kwingine, CAST iliendelea kuhesabu. Walitaka kujua ni eksirei ngapi zinakuja hata pasipo na jua, ili wasije wakaiita kelele ishara. Hapo nilikumbuka kwamba setilaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani yetu, jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na ikaitwa Uhuru. Nimewauliza walimu wenzangu wengi. Wachache wanajua.

Huko Hamburg, katika maabara ya DESY, kuna jaribio ambalo halingoji jua wala maada ya giza. Wanaangaza leza kuelekea ukuta. Sumaku kumi na mbili upande huu, kumi na mbili upande ule, zilizookolewa kutoka kiongeza kasi cha zamani. Kama fotoni itageuka aksioni, ikapenya ukuta, ikageuka tena fotoni, wataiona nuru mahali isipopaswa kuwa. Lilianza kukusanya data Mei 2023. Nalipenda kwa sababu hata mtoto wa darasa la tano anaweza kulichora.

Mpaka ninapoandika, hakuna aliyeipata. Masafa mengi bado hayajasikilizwa na yeyote. Peccei alifariki mwaka 2020. Helen Quinn, aliyewaza naye ile sufuria, ambaye ujanani alifikiria kuwa mwalimu wa sekondari, baadaye aliongoza kamati iliyoandika mwongozo wa kufundisha sayansi katika shule za Marekani. Kamati yake ilitaka mtoto afanye sayansi yenyewe, aulize, apime, abishane kwa ushahidi, asibaki kukariri tu. Nilipogundua kwamba mtu wa aksioni na mtu wa mwongozo ule ni mmoja, nilikaa nje uani mpaka mbu wakanifukuza.

Yule msichana nilimwita mwishowe. Nilimwonyesha galvanomita ikiwa wazi, nikamwambia, "Nilikukosea. Wewe uliandika ulichokiona." Nikafuta sifuri, nikaandika kumi mbele yake. Alitazama waya ulioungua kwa muda, akauliza, "Sasa Mwalimu, wale wengine waliona nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto.

Tangu nilipoisoma habari ya ishara za bandia, kila muhula nina jambo langu. Usiku kabla ya jaribio, peke yangu, nachagua meza moja kwa kura na kukata waya mmoja ndani ya gamba la galvanomita yake, pasipoonekana. Naandika namba ya meza kwenye karatasi, naiweka kwenye bahasha, nampa mkuu wa idara aitunze. Wanafunzi wanajua kwamba siku yoyote inaweza kuwa siku ya waya. Mihula miwili ya kwanza meza iliyokufa ilileta namba nzuri, mstari umenyooka. Nilizirudisha bila alama na bila ukali, tukazungumza.

Muhula uliopita ilikuwa alasiri ya mvua, ile ya Kisumu inayopiga mabati mpaka mwalimu anyamaze. Nilikuwa nimesimama dirishani. Mkono mmoja ukainuka meza ya tatu.

"Mwalimu, yetu haisogei."

"Mmejaribu mara ngapi?"

"Kumi na nne." Alikuwa akisoma kutoka daftarini. "Sumaku tumeijaribu kwa pini, inashika. Koili tumebadilishana na meza ya nne, yao inasogea kwenye yetu... samahani, koili yetu inasogeza mshale wao, yao haisogezi wetu. Tunadhani ungesogea hata nusu ya mstari tungeuona. Chini ya hapo hatuwezi kusema."

Nikaenda kumwomba mkuu wa idara bahasha.